Nyakati Njema za Mwaka wa Korona, Zilivyotengenezwa Majumbani Mombasa

Ukimuuliza mtu wa Mombasa mwaka 2020 ulikuwaje, ataanza na kafyu. Ilianza Ijumaa, 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo hiyo watu waliokuwa wakiwahi feri ya Likoni warudi makwao walitandikwa virungu na kurushiwa vitoa machozi. Shule zilikuwa zimeshafungwa tangu katikati ya mwezi. Ndege za kimataifa zilisimama tarehe 25, na kwa mji unaokula kwa watalii na bandari, hiyo ya ndege ndiyo iliyofika jikoni mapema. Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ikafungwa pamoja na Kilifi na Kwale, hakuna kuingia wala kutoka. Tarehe 6 Mei, Ramadhani ikiwa katika kumi la pili, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake: kufuli ndani ya kufuli. Nyanya yuko Mji wa Kale, wajukuu wako Kisauni, na hawaonani mpaka Juni.

Mwache amalize. Akishamaliza, mara nyingi bila kuulizwa, atakutajia na mengine: Ramadhani ile ya kuswali nyumbani, mtoto aliyejua kuchoma kaimati kabla hajajua kugawanya kwa tarakimu mbili, hitima, yaani kisomo cha Kurani yote kwa ajili ya marehemu, iliyosomwa na ukoo mzima kila mtu akiwa nchi yake. Hayo ndiyo tunayoyaandikia hapa. Ukiyachunguza yaliyodumu, utaona kila moja lilikuwa na saa yake, mtu wake wa kulisimamia na vifaa vyake. Yaliyoachwa yatokee yenyewe hayakufika wiki ya tatu.

Tuanze na tarawehe, swala ya sunna ya usiku wa Ramadhani, kwa sababu ndiyo iliyoacha alama kubwa zaidi pwani.

Misikiti imefungwa, mwezi umeandama, na nyumba ina watu wanane. Swali la kwanza halikuwa la dini, lilikuwa la nafasi. Kibla ya Mombasa ni kaskazini karibu kamili, maana Maka na Mombasa zimekaa takriban kwenye mstari mmoja wa longitudo. Kwa hiyo tazama sebule yako imelazwa vipi. Safu moja huhitaji kama sentimita 120 kutoka kisigino hadi paji la uso lililosujudu, na mtu mmoja huchukua sentimita 50 hadi 60 za upana. Sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, upande mrefu ukielekea kaskazini, inatosha imamu na safu mbili za watu watano watano. Upande mfupi ukielekea kaskazini, imamu hana pa kusimama. Hapo husogea mbele hatua ndogo tu na safu ya kwanza ikamshika karibu. Makochi yatoke kabla ya futari. Nyumba zilizongoja kuyatoa baada ya isha ziligundua kwamba mtu aliyekwisha kula uji wa mtama na viazi vya nazi habebi kochi.

Aswalishe nani? Nyumba chache zina mtu aliyehifadhi Kurani. Hapa ndipo palipozaliwa furaha ambayo mwaka wa kawaida usingeileta: vijana wadogo walipewa zamu. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mtoto aliyefikia umri wa kupambanua anaweza kuwaswalisha watu wazima na swala ikasihi. Na hahitaji kujua mengi. Upo mpango unaojulikana wa rakaa ishirini: rakaa ya kwanza ya kila salamu husomwa sura moja kuanzia Alhakumu, inayofuata Wal-Asri, na kuendelea hadi Tabbat, rakaa ya pili husomwa Kul Huwallahu kila mara. Hesabu yake imekaa sawa, sura kumi kwa salamu kumi. Mvulana wa miaka kumi na miwili mwenye sura kumi na moja na Alhamdu yake iliyonyooka ameshatosha. Wakiwa wawili, wapokezane kila salamu mbili, kwa sababu sauti ya mtoto hukauka na akianza kukohoa wadogo nyuma huanza kucheka.

Waliotaka kusoma sura ndefu walishika msahafu. Katika swala ya sunna Mashafi wanaruhusu, ila ukiushika mkononi kila rukuu ni fujo ya kuuweka na kuuokota. Marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, juu ya kiti, usawa wa kifua, humaliza tatizo hilo. Wa simu walikuwa na shida nyingine: ujumbe unaingia katikati ya aya na imamu anausoma kwa macho bila kutaka. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege. Na ule ubishi wa rakaa nane au ishirini uamuliwe usiku wa kwanza kisha ufungwe. Nyumba iliyobishana kila usiku ilichoka kwa ubishi, rakaa haikuwa na kosa.

Babu ndiye aliyepata kilicho kikubwa. Misikiti ilipoanza kufunguliwa Julai, masharti yalikuwa watu wasiozidi mia moja, ibada isiyozidi saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Mzee aliyeswali safu ya mbele miaka arobaini akaambiwa abaki nyumbani. Palipokuwa na jamaa ya nyumbani iliyokwisha kuzoea, babu alikuwa na msikiti wake: wajukuu, mkeka, na mtu wa kuadhini. Palipokuwa hapana, aliketi dirishani. Tofauti kati ya nyumba hizo mbili ilikuwa ni kuendeleza swala moja tu, magharibi au isha, baada ya Ramadhani kwisha.

Idi ikaangukia Jumapili, 24 Mei, bila uwanja. Swala yake nyumbani ni rakaa mbili: takbira saba baada ya takbira ya kuhirimia katika rakaa ya kwanza, na tano katika ya pili kabla ya kusoma. Wengi hupotea kwenye hesabu, kwa hiyo mwekeni mtu wa nyuma ahesabu kwa vidole. Na vaeni. Inaonekana jambo dogo, lakini watoto waliovalishwa kanzu na magauni ya mwaka uliopita, hata yakiwa yamefupika, wanaikumbuka kuwa ni Idi. Waliobaki na fulana za kulalia wanaikumbuka kuwa ni Jumapili.

Sasa jikoni. Jua la Mei Mombasa huzama kama saa kumi na mbili na robo, na kafyu inaanza saa moja. Kati ya adhana na kafyu hapatoshi kufuturu, kuswali na kutoka na sahani kwenda kwa jirani. Kupelekeana futari kungekufa mwaka ule. Mitaa iliyouokoa mtindo huo iliurudisha nyuma wakati: sahani zilitoka saa kumi na moja jioni, zimefunikwa, zinaachwa mlangoni, anayeleta anabisha na kurudi hatua mbili. Vyakula navyo vilibadilika, kwa sababu kinachokaa saa nzima kwenye sahani iliyofunikwa si kila kitu. Bajia hulainika. Sambusa huhimili kiasi. Kaimati zilizokolea shira hazijali.

Ndiyo maana kaimati zilikuwa kitu cha mwaka ule, na ndiyo maana watoto wengi walizijua. Kwa watu wanane: unga wa ngano vikombe viwili, hamira ya punje ndogo kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na maji vuguvugu au tui jepesi kama kikombe kimoja, likimiminwa kidogo kidogo. Unaupiga kwa mkono, usiukande. Vidole vinakusanywa, vinachota kutoka chini, vinaupiga ukutani mwa bakuli, dakika saba hadi kumi, mpaka ukiuvuta unafuata mkono kama utepe na kutoa mlio wa hewa. Kazi hiyo ni ya mtoto wa miaka minane, haimchoshi kwa sababu inaruhusiwa kuwa chafu. Wa miaka mitano apewe iliki amenye. Moto na mafuta ni vya aliyezidi kumi na mbili, tena mtu mzima akiwa pale pale.

Funika, uache saa moja. Kwa joto la Mombasa dakika arobaini na tano wakati mwingine zinatosha. Kisha usiukoroge tena. Kosa hili ndilo linaloharibu nyingi: unga umeumuka, mtu anaona mapovu, anaukoroga "uwe sawa," hewa inatoka na kaimati zinakuwa vijiwe. Chota kwa mkono uliolowa, bana ngumi, kidonge kitokee kati ya kidole gumba na cha shahada, kikate kwa kijiko kilicholowa pia. Mafuta yawe na kina cha kuziacha zielee na kugeuka, moto wa wastani. Kidonge cha kwanza ndicho kipimo. Kikizama na kupanda taratibu, endelea. Kikipanda papo hapo na kuwa chekundu, punguza moto, maana nje kutaiva na ndani kubaki ute. Zikitoka zimejaa mafuta, unga wako ni mwepesi mno au mafuta hayajapata moto.

Shira ni sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe na iliki. Ichemke mpaka tone likinatanata kati ya vidole. Kamulia matone machache ya ndimu, bila hivyo hurudi sukari ikipoa na kaimati zikaonekana zina ukungu. Kaimati za moto ziingie kwenye shira iliyopoa kidogo. Shira ikiwa ya moto sana hulainisha ngozi yake, na ule mlio wa meno unakosekana.

Tumezungumza marefu juu ya vidonge vya unga, na tuna sababu. Jambo hili lilikuwa na mwanzo, mwisho na kitu cha kushika mkononi, na lilirudi kila siku saa ile ile. Wapo pia watu wa hoteli waliorudishwa nyumbani bila mshahara ambao kaimati na mahamri vilikuja kuwa kodi ya nyumba. Kwao haikuwa furaha tu.

Masomo tutayapita haraka, kwa sababu hayakuwa na nuru nyingi. Vipindi vya taasisi ya mitaala, KICD, vilikuwa kwenye redio ya KBC na kwenye runinga, chaneli ya Edu. Redio haingoji mtu. Nyumba yenye watoto wa madarasa matatu haikuweza kumhudumia kila mmoja, na waliojaribu kunakili ratiba ya shule, saa mbili hadi saa tisa, waliiacha ndani ya wiki mbili. Kilichofanya kazi ni saa moja ya asubuhi, kabla ya runinga kuwashwa, mkubwa akimfundisha mdogo. Mkubwa ndiye aliyefaidi zaidi. Julai serikali ikatangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi 12 Oktoba, wengine wakangoja mpaka 4 Januari 2021, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, wa mwaka 2020 ukafanywa Machi 2021. Kumwambia mtoto wa darasa la nane kuwa mwaka huo ulikuwa na upande mzuri kunataka moyo.

Jambo moja la mikono liliwashika watoto kuliko vitabu: kibuyu chirizi, cha kunawia mikono. Dumu la lita tano linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, kidogo chini ya shingo, tundu lisizidi unene wa msumari wa inchi tatu. Kubwa zaidi ya hapo maji yanakwisha kabla ya watu watatu, na Mombasa maji ni ya kununua kwa mkokoteni. Kijiti kinapita kwenye mpini na kuegeshwa juu ya miti miwili yenye panda. Kamba inafungwa shingoni, inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama. Sabuni ining'inizwe kwenye kipande cha wavu, la sivyo mvua ya masika inaiyeyusha usiku mmoja. Mtoto aliyepewa jina la msimamizi wa maji alikuwa mkali kuliko afisa wa afya. Mwaka ule ule mvulana wa miaka tisa wa Bungoma alipewa tuzo ya Rais kwa mashine yake ya mbao ya kunawia, na watoto wengi walilijua hilo.

Sasa msiba, maana mwaka ule ulikuwa nao, na usipouweka ndani utakuwa unaandika uongo. Mazishi yaliwekewa watu kumi na watano. Matanga hayakuwapo. Kilichokuwapo ni hitima ya mbali, na familia zilizoijua zinaitumia hadi leo.

Kurani ina juzuu 30. Mtu mmoja, na awe mmoja tu, anaandika kwenye kundi la WhatsApp orodha ya 1 hadi 30. Kila anayetaka anamtumia yeye namba, naye ndiye anayejaza majina na kuirusha orodha upya. Mkiacha kila mtu ainakili na kuongeza jina lake, watu wawili watanakili orodha ya zamani kwa wakati mmoja, jina la mmoja litafutika, na juzuu ya 17 itasomwa mara mbili wakati ya 22 haijaguswa. Juzuu ni kama kurasa 20 za msahafu wa Madina. Mwenye ulimi mwepesi huisoma kwa dakika arobaini hadi saa moja. Wazee na wanaoanza wapewe nusu. Mwisho wa kusoma uwe saa moja kabla ya dua, ili msimamizi apate muda wa kuwatafuta waliochelewa au kuzisoma mwenyewe zilizobaki.

Saa ya dua ndiyo iliyowachanganya wengi. Saa tatu usiku Mombasa ni saa nne Muscat. Mwezi Mei ni saa moja jioni London na saa nane mchana Toronto. Ukiandika "saa 3" mjukuu wa Toronto anaelewa saa tatu ya huko, anakuja dua imekwisha na anaona ametengwa. Andika 21:00, taja Mombasa, kisha andika na za wengine. WhatsApp ilikuwa ikipokea watu wanne kwa simu ya video mpaka mwisho wa Aprili ndipo ikafikisha wanane, kwa hiyo ukoo mkubwa ulihamia Zoom, na Zoom ya bure hukata dakika ya 40. Anzeni na dua yenyewe. Salamu na machozi vije baadaye, visije vikaikata dua katikati.

Miaka ya nyuma jamaa wa Oman au Uingereza alipokea habari ya kifo, akatuma pesa, akalia peke yake. Mwaka ule alikuwa na juzuu yake na jina lake kwenye orodha. Wengi walisema hawajawahi kuwa karibu na ukoo kama walivyokuwa katika kifo kile ambacho hawakuweza kukihudhuria. Hatulisemi hili ili kuupamba msiba. Waliokosa kuosha maiti ya mama yao hawakufidiwa na Zoom.

Ikiwa nyumbani kwenu bado hamjayaandika ya mwaka ule, vifaa vingi mnavyo. Ujumbe wa M-Pesa ni shajara ambayo hamkujua mnaiandika: una tarehe, saa, jina na kiasi. Mwaka ule kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure kuanzia katikati ya Machi mpaka Desemba, ndiyo maana mtaona mia mbili mbili na mia tano tano nyingi, kila moja ikiwa na mtu aliyekumbukwa. Mwenye simu ya zamani azipige picha skrini kabla betri haijafa. Picha zilizopita WhatsApp zimepoteza tarehe ya kupigwa, ila kwa simu za Android jina la faili hubaki na siku ya kupokewa: IMG-20200524 ni ile Idi. Msizibadilishe majina hayo kabla ya kuyaandika daftarini. Mnapotumiana nakala, tumeni kama dokumenti. Mkituma kama picha zinapungua ukubwa. Sauti za wazee ndizo zinazopotea kwanza, kwa kuwa hubaki ndani ya mazungumzo ya mtu mmoja na simu hiyo ikibadilishwa bila kuhifadhi nakala, zimekwenda.

Daftari liwe la jalada gumu, kila tarehe na safu mbili, palipouma na palipong'aa, kwenye ukurasa mmoja. Ukizitenga katika vitabu viwili, cha kwanza hakitafunguliwa na mtu. Anayeandika aanze na watoto. Wanakumbuka vitu ambavyo wakubwa hawakuviona, kama jirani gani aliacha kuleta sahani na lini.

Picha zitakazochapishwa ziandikwe nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya kwa unyevu wa pwani na kuchafua uso wa picha iliyolala chini yake. Andikeni majina kamili kuanzia kushoto, na mahali. "Mama na watoto" haitamsaidia mtu mwaka 2060.